Shajara ya mradi: mabadiliko 12 ya jeni, na kwa nini bado tunayo

Wiki ya 1

Naanza kuandika mapema ili baadaye nisijidanganye kuhusu nilichokuwa naamini mwanzoni.

Mradi wenyewe ni daftari la kidijitali. Ndani yake kutakuwa na mabadiliko 12 ya jeni ambayo watu wa hospitali na maabara wanayajua kwa majina, na kila moja litaulizwa swali moja tu: kama linaumiza, mbona halikufutika? Uteuzi asilia umekuwa na maelfu ya miaka ya kulifuta. Daktari huuliza badiliko linafanya nini mwilini. Mimi nataka kujua lilipata wapi nafasi ya kuenea.

Data natumia za 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma DNA yote ya watu wa jamii mbalimbali, awamu ya tatu, zilizotoka 2015: watu 2,504 kutoka jamii 26, faili ziko wazi kwa yeyote mwenye nafasi kwenye diski. Kati yao 661 wamo kwenye kundi la Kiafrika: Wayoruba wa Ibadan, Waluhya wa Webuye, Waesan, Wamende, watu wa Gambia magharibi, na watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Barbados. Hakuna rekodi ya afya ya mtu hata mmoja. Kwa hiyo daftari halitaweza kusema nani aliumwa, litasema tu toleo gani la jeni limejaa wapi. Mengine itabidi niyatoe kwenye tafiti za watu.

Orodha ya kuanzia: seli mundu, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), Duffy (kundi la damu), APOL1 mara mbili (G1 na G2), laktasi (ya kumeng'enya maziwa utu uzimani), PCSK9, CCR5-delta 32, delta F508 ya CFTR, ERAP2, APOE4, na kipande cha kromosomu ya 3 tulichorithi kwa Waneandertali, binadamu wa kale waliotoweka.

Utabiri wangu leo ni kwamba yote 12 ni makovu ya vita vya kale. Ugonjwa fulani uliua, badiliko likaokoa, na gharama ya wokovu huo tunailipa sisi. Daftari nimeshalipa jina: "Makovu". Mwenzangu, fundi wa maabara ya damu aliyekubali kupitia kila ukurasa, alisoma jina hilo akacheka. "Kaka, umeandika hukumu kabla ya kesi kusikilizwa."

Wiki ya 2

Seli mundu kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi. Hivyo nilidhani.

Niliandika skripti fupi ya kuvuta eneo moja kwenye kromosomu ya 11, herufi ile ya DNA inayogeuza asidi ya glutamiki kuwa valini kwenye himoglobini. Nikanakili namba ya eneo, 5227002, nikaendesha. Matokeo: hakuna. Watu 2,504 na hakuna hata nakala moja ya seli mundu, wakiwemo Wayoruba! Nilikaa nikiitazama skrini kama mtu aliyeambiwa ziwa limekauka usiku.

Kosa lilikuwa langu. Namba niliyonakili ni ya ramani mpya ya jenomu, ya 38. Faili za awamu ya tatu zimejengwa juu ya ramani ya 37, na huko herufi ile ile iko kwenye 5248232. Tofauti ni herufi 21,230 na nilikuwa nagonga mlango wa jirani. Niliporekebisha likatokea kosa la pili: vitabu vinasema A imekuwa T, faili linasema T imekuwa A. Hilo si kosa la mtu. DNA ina nyuzi mbili, jeni hii inasomwa kwa uzi wa upande wa pili, na faili huandika uzi wa mbele tu. Nimeiandika kwa herufi kubwa juu ya skripti: UZI GANI? RAMANI GANI?

Baada ya hapo mambo yakakaa sawa. Kwenye kundi la Kiafrika toleo la seli mundu ni takriban nakala 1 kati ya 10. Sasa swali la daftari: linabakije juu hivyo?

Nimelifanyia hesabu ya mkono, maana fomula ikinipa jibu bila kupitia watoto wenyewe huwa siliamini. Chukua watoto 1,000 wanaozaliwa mahali ambapo toleo hili ni asilimia 10. Wenye nakala mbili za kawaida ni 810. Wenye moja ya kawaida na moja ya mundu ni 180. Wenye mbili za mundu ni 10. Tuseme, kama ilivyokuwa zamani kabla ya matibabu, wale 10 wote wanakufa kabla ya kuzaa. Nakala 20 za mundu zimepotea kwa kizazi kimoja. Ili toleo lisishuke, lazima hasara ipatikane upande wa pili pia. Ngapi? Ukipiga, ni watoto 90 kati ya wale 810. Wakiondoka hao 90 wanabaki 720, pamoja na wale 180, jumla 900, na nakala za mundu ni 180 kati ya 1,800. Asilimia 10 kamili, tulipoanzia.

Kwa hiyo nyuma ya kila mtoto aliyekufa kwa seli mundu kulikuwa na watoto tisa wenye damu "ya kawaida" waliouawa na malaria. Nilijua kanuni hii tangu shuleni. Sikuwahi kuhesabu makaburi.

Anthony Allison alilieleza jambo hili 1954, baada ya kupima damu Afrika Mashariki na kuona toleo la mundu liko juu pwani na kando ya Ziwa Victoria, chini kwenye nyanda za juu zisizo na mbu wengi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mwenye nakala moja hupata kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Umri wa badiliko lenyewe una mabishano: uchambuzi mmoja wa 2018 ulikadiria miaka 7,300 hivi, mwingine wa 2019 ukasema 22,000. Nimeandika zote mbili.

Wiki ya 3

Mwenzangu ameuliza jambo ambalo sikulifikiria. Malaria ikiondoka, seli mundu nayo itaondoka yenyewe?

Nimepiga hesabu. Tuseme malaria imekwisha kabisa leo, na tuseme tena, kwa ukatili wa hesabu tu, kwamba wenye nakala mbili bado hawaishi hadi kuzaa. Kutoka asilimia 10 kwenda 9.1 ni kizazi kimoja. Kwenda 8.3 ni viwili. Kufika 5, vizazi 10, yaani zaidi ya miaka 200. Na kwa kuwa siku hizi watoto wanatibiwa na wanakua, kasi halisi ni ndogo zaidi ya hapo. Nakala nyingi zimejificha kwa watu wenye moja tu, wazima kabisa, na uteuzi hauwaoni.

Jibu nililomwandikia: hapana, haitaondoka kwa kungoja. Kupima watoto wachanga, dawa ya haidroksiurea na ushauri wa vinasaba ndivyo vyenye kufanya kazi ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kuna tiba nyingine ya kutajwa hapa kwa sababu imetoka moja kwa moja kwenye tofauti za kuzaliwa nazo. Wapo watu wenye nakala mbili za mundu wanaougua kidogo, kwa sababu himoglobini yao ya utotoni haikuzimika ilipopaswa. Watafiti walifuata tofauti hiyo hadi kwenye swichi ya jeni ya BCL11A. Tiba ya kuhariri swichi hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Maumbile yalikuwa yamefanya jaribio zamani, watu wakalisoma.

Upungufu wa G6PD nao umeisha wiki hii, kwa aibu kidogo. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja, na kwenye faili ameandikiwa tarakimu moja. Skripti yangu ilikuwa inamhesabia mbili. Idadi zote zilikuwa mbovu na zilionekana nzuri tu, ndiyo hatari ya kosa la aina hii. Aliyenistua ni mwenzangu: "Wanaume wako wana X mbili, kaka?"

Kisa cha G6PD nilitarajia kiwe pacha wa seli mundu, lakini tafiti kubwa zimekitia mkunjo. Upungufu wake unaonekana kupunguza hatari ya malaria ya ubongo na papo hapo kuongeza hatari ya upungufu mkali wa damu unaoletwa na malaria hiyo hiyo. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua. Kinachobaki wazi ni upande wa dawa: mwenye upungufu akipewa primakwini, dawa ya malaria, bila kupimwa, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Watu takriban milioni 400 duniani wana upungufu huu.

Wiki ya 4

Duffy. Ukurasa huu nauandika nikiwa na kesi yangu binafsi.

Kwenye chembe nyekundu kuna protini ambayo kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia kama kitasa cha mlango. Badiliko la herufi moja, ambalo haliko ndani ya jeni yenyewe ila kwenye swichi yake, linazuia protini hiyo isitengenezwe kwenye chembe nyekundu. Kwingineko mwilini inatengenezwa kama kawaida. Mlango umeondolewa kitasa, nyumba imebaki. Utafiti wa Louis Miller na wenzake 1976 ulionyesha kwamba wasio na protini hiyo hawakuambukizwa vivax. Kwenye faili langu, Wayoruba na Waluhya karibu nakala zote ni za toleo hili, na Ulaya karibu halipo kabisa. Tofauti kubwa kiasi hicho kati ya jamii ni nadra sana kwenye jenomu. (Kinga si ukuta wa chuma, lakini. Mwaka 2010 waliripotiwa wagonjwa wa vivax huko Madagascar wasio na protini hiyo.)

Upande wa pili wa toleo hili hauna uhusiano na malaria. Mwenye nakala mbili huwa na nutrofili chache kwenye damu inayozunguka, hizo seli nyeupe za mstari wa mbele. Uboho unazitengeneza vizuri, haambukizwi zaidi ya wengine, ila kipimo kikitolewa mkononi namba inatoka ndogo. Na mstari wa chini ambao maabara nyingi hutumia, 1,500 kwa mikrolita, ulitokana zaidi na damu za watu wenye asili ya Ulaya.

Miaka michache iliyopita hospitali moja iliniambia seli zangu nyeupe ni chache. Nikarudi mara ya pili, nutrofili zikawa 1,300. Mara ya tatu, 1,200. Daktari akaanza kuzungumzia sindano ya uboho, na kwa wiki kadhaa nililala nikiwa na saratani niliyojitungia mwenyewe mawazoni. Hakuna aliyeuliza kundi langu la Duffy, na kipimo chenyewe ni cha kawaida kwenye benki za damu. Nilipomhadithia mwenzangu hakushangaa hata. Alisema wagonjwa wa namna yangu huwaona kila mara, na kwamba wenye bahati mbaya ni wale wa tibakemikali wanaopunguziwa au kuahirishiwa dozi, na wa klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, wanaosimamishiwa dawa iliyokuwa inawafaa, kwa sababu ya namba ambayo kwao ni ya kawaida.

Hii si kovu. Kovu huwa kwa aliyejeruhiwa. Hapa mwili uko salama, kilichokosewa ni rula. Jina la daftari limeanza kunitia shaka.

Wiki ya 5

Wiki ya kompyuta. Nimejaribu selscan, programu inayotafuta nyuzi ndefu za DNA zinazofanana. Mantiki yake: kila kizazi kromosomu za baba na mama hukatwa na kuchanganywa kama karata, kwa hiyo toleo la zamani huwa limezungukwa na majirani tofauti tofauti. Toleo lililopanda haraka huja na majirani zake wote, karata hazijapata muda wa kuchanganyika. Ukikuta toleo lililojaa watu wengi na uzi wake bado mrefu, kuna kitu kililisukuma.

Usiku wa kwanza kumbukumbu ya mashine iliisha saa nane na kazi ikafa. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu nilikata kromosomu vipande.

Laktasi kwa Wazungu wa kaskazini inaonekana hata bila miwani, uzi unavuka herufi milioni moja. Duffy kwa Wayoruba haikutoa namba yoyote. Nilidhani nimekosea tena, hadi nilipokumbuka kwamba kipimo hiki hulinganisha matoleo mawili ndani ya jamii moja. Toleo likishashinda kabisa, hakuna wa kulinganishwa naye. Ushindi uliokamilika hauonekani kwa darubini hii. Kwa hiyo programu ikinyamaza, siwezi kusema hapakuwa na uteuzi.

Wiki ya 6 na 7

APOL1 imekula wiki mbili, na imestahili.

Historia yake inaanza kwa kosa la heshima. Ilijulikana kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika hupata maradhi sugu ya figo kwa wingi kuliko wengine. Mwaka 2008 tafiti mbili zilielekeza kidole kwenye jeni ya MYH9, kromosomu ya 22. Ishara ilikuwa kali, takwimu safi. Tatizo: kila walipotafuta badiliko linaloharibu ndani ya MYH9 hawakulipata. Mwaka 2010 ndipo ilipobainika kwamba mhusika ni jirani yake, APOL1. Matoleo ya APOL1 yalikuwa yamepanda haraka yakaburuta majirani kwenye uzi mmoja, na MYH9 ilikamatwa kwa kuonekana karibu na tukio. Yaani uteuzi wenyewe ndio ulioweka ukungu. Anayetafuta jeni ya ugonjwa bila kujua historia ya eneo hilo atamshika mpita njia.

APOL1 ni silaha dhidi ya vimelea vya malale, hutoboa kimelea kama sindano. Kimelea cha malale cha Afrika Mashariki, rhodesiense, kina protini inayoikamata silaha hiyo kwa mkia wake na kuizima. G1 na G2 ni silaha zenye mkia uliobadilishwa: G1 kwa herufi mbili, G2 kwa kukatwa herufi sita. Kimelea kinashindwa kuukamata. Mwenye nakala moja anafaidi, mwenye mbili anaingia kwenye hatari ya figo, kwa sababu silaha hiyo hiyo inaweza kutoboa seli za chujio la figo.

Kuna jaribio nililolipenda la kujikagua. G1 na G2 zilizaliwa kwenye nyuzi tofauti, na karibu haitokei zikakaa uzi mmoja. Nikaandika skripti inayolia ikizikuta pamoja kwenye kromosomu moja. Haikulia. Kwa mara ya kwanza katika mradi huu nimepata jibu sahihi mkupuo wa kwanza, nikashuku, nikarudia, ikanyamaza tena.

Halafu ndipo kisa kikaanza kukataa kunyooka. Mashariki ndiko kwenye rhodesiense, lakini G1 imejaa magharibi. Kwa Wayoruba ni karibu nakala 4 kati ya 10, kwa Waluhya wa faili langu ni chache mno kulinganisha. Silaha iko mbali na adui wake? Utafiti wa 2017 uliofanywa Uganda na Guinea umesaidia kidogo. G2 ililinda vizuri dhidi ya rhodesiense. Dhidi ya gambiense, kimelea cha magharibi, G1 ilihusishwa na watu wanaobeba maambukizi bila kuugua, na G2 ikahusishwa na hali mbaya zaidi. Toleo moja, vimelea viwili, majibu yanayopingana. Ukurasa wa APOL1 nimeuandika mara nne na bado una alama ya kuuliza pembeni, nimeiacha makusudi.

Kwa mgonjwa mambo mawili. Takriban asilimia 13 ya Wamarekani wenye asili ya Afrika wana nakala mbili za hatari, na wengi wao hawaugui figo maisha yao yote. Mara nyingi huhitajika kichocheo cha pili, kama HIV isiyotibiwa. Pili, kujua jeni kumezaa dawa: jaribio dogo la inaxaplin lililochapishwa 2023 lilishusha protini kwenye mkojo kwa karibu nusu. Isingewezekana kama watu wangeendelea kuitazama MYH9.

Wiki ya 8

Wiki ya kufuta. Nimechukua kalamu nyekundu.

CCR5-delta 32. Mwenye nakala mbili hulindwa dhidi ya aina nyingi za HIV. Kwa kuwa HIV ni ya juzi, ilisemekana tauni ya Ulaya ndiyo iliyolipandisha, na makadirio ya 1998 yakaliweka kwenye miaka 700 hivi, karibu kabisa na Tauni Kuu ya karne ya 14. Kisa kizuri mno. Mwaka 2005 umri ukakadiriwa upya ukavuka miaka 5,000. Tauni ikapoteza kesi kwa kutokuwepo.

Delta F508, inayoleta sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu na mmeng'enyo. Ilisemekana nakala moja inalinda dhidi ya kipindupindu. Jaribio la panya la 1994 liliunga mkono, la 1995 halikupata kitu. Na kipindupindu chenyewe kilifika Ulaya karne ya 19, kimechelewa sana kuwa chanzo. Wapo wanaotetea homa ya matumbo, wapo wa kifua kikuu.

ERAP2. Mwaka 2022 mifupa ya makaburi ya London na Denmark ilidaiwa kuonyesha toleo lililookoa watu kwenye Tauni Kuu, na ambalo leo huongeza hatari ya ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo. Wengine walipochambua upya data zile zile, ishara ikafifia.

Zote tatu nimezihamishia kwenye ukurasa unaoitwa "Hadithi zinazongoja ushahidi". Iliniuma kuihamisha CCR5, aya yake ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kuna hadithi moja ambayo sikuiweka kabisa, ile ya mtaalamu wa vinasaba James Neel ya 1962 kwamba kisukari kimetokana na jeni "bahili" zilizosaidia wakati wa njaa. Imerudiwa mara nyingi hadi watu wanaiona kama sheria. Lakini mabadiliko yanayohusiana na kisukari cha aina ya pili ni mamia, kila moja lina nguvu kidogo, na kwa ujumla wao hayana alama ya kusukumwa na njaa. Nikiulizwa kwa nini haimo, jibu langu ni hilo.

Wiki ya 9

Laktasi, kwa ufupi. Watu wazima wengi duniani hawamudu kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, wanaomudu ndio wenye badiliko. Swichi iko ndani ya jeni jirani, MCM6. Kaskazini mwa Ulaya ni badiliko moja. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba Kenya, Tanzania na Sudan kuna mengine, likiwemo lililoenea sana kwa wafugaji, yaliyozaliwa kivyake kabisa. Kupanda kwake ni hakika. Sababu ndiyo inayobishaniwa, na kazi moja ya 2022 inaelekeza kwenye njaa na magonjwa, nyakati ambapo kuhara kwa laktosi kuliweza kuua.

Wiki ya 10

Matatu yaliyobaki hayafanani na chochote.

PCSK9 nilidhani nitaipatia vita vyake. Haina. Ni protini inayopunguza uwezo wa ini kuondoa kolesteroli mbaya. Mwaka 2005 Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao walikuta Wamarekani wenye asili ya Afrika wenye nakala iliyovunjika, kolesteroli yao iko chini. Taarifa ya 2006 ilitoa namba: asilimia 2.6 ya washiriki weusi walikuwa na nakala hiyo, kolesteroli mbaya chini kwa asilimia 28, magonjwa ya mishipa ya moyo chini kwa asilimia 88. Dawa za kuzuia PCSK9 ziliidhinishwa 2015. Hakuna adui wa kale hapa, ni ajali iliyoonekana kwa sababu mtu alitazama mahali penye tofauti nyingi. Binadamu waliotoka Afrika walikuwa wachache, wakabeba sehemu tu ya matoleo. Mengine yalibaki.

APOE4 ilinigeuza kichwa kwa namna nyingine. Nilikuwa naiita "badiliko", kumbe E4, ile ya hatari ya Alzheimer, ndiyo ya zamani. E3 ndiyo ngeni. Na ugonjwa huja uzeeni, mtu ameshazaa na kulea. Peter Medawar alilieleza hilo 1952: nguvu ya uteuzi hupungua kadiri umri unavyosonga. Huko kivulini mambo hukaa tu.

Kipande cha Waneandertali: herufi karibu 50,000 kwenye kromosomu ya 3, zilizotajwa 2020 kama kichocheo cha UVIKO-19 kali. Takriban nusu ya watu wa Asia Kusini wanakibeba, asilimia 16 ya Ulaya, Afrika karibu hakuna. Mwaka 2022 Hugo Zeberg alionyesha kinapunguza hatari ya kupata HIV kwa asilimia 27. Lakini HIV haiwezi kukieneza kwa maelfu ya miaka kabla ya kuwepo. Nimeandika: "sababu wazi."

Wiki ya 11

Nilitaka kuongeza ukurasa wa alama za jumla, zile zinazojumlisha maelfu ya mabadiliko kukadiria hatari ya ugonjwa au urefu. Nimeishia nusu ukurasa wa tahadhari.

Kufikia 2019 takriban asilimia 79 ya washiriki wa tafiti za jeni zinazozaa alama hizo walikuwa wenye asili ya Ulaya. Alama zikipelekwa kwa wenye asili ya Afrika usahihi unaporomoka. Sababu ni ile ile ya MYH9: kinachopimwa mara nyingi ni jirani wa mhusika, na ujirani haufanani kila jamii. Afrika karata zimechanganywa kwa muda mrefu zaidi, nyuzi ni fupi, jirani wa London si jirani wa Webuye. Kisha kuna kisa cha urefu. Kwa miaka iliaminika kwamba Wazungu wa kaskazini walichaguliwa kuwa warefu. Mwaka 2019 timu mbili zilirudia hesabu kwa data zenye mchanganyiko mdogo wa jamii, na karibu ishara yote ikayeyuka. Ilikuwa tofauti ndogo za asili ya washiriki, zimejumlishwa mara maelfu hadi zikafanana na historia.

Mwenzangu kasoma akasema huu ndio ukurasa ambao angewapa madaktari kwanza. Nimeupandisha juu.

Wiki ya 12

Hali ya mradi. Kati ya 12, yenye ushahidi mzito wa kusukumwa na uteuzi ni sita: seli mundu, G6PD, Duffy, G1, G2 na laktasi. Hata hapo, adui anayejulikana bila mabishano ni wa seli mundu tu, na hata yeye hajakaa kimya: utafiti uliotoka mwishoni mwa 2021 ulionyesha baadhi ya vimelea vya malaria vina mabadiliko yanayoviwezesha kuwaambukiza wenye nakala ya mundu. Matatu yako kwenye hadithi zinazongoja. Matatu yana kurasa zao wenyewe.

Jina "Makovu" nimelifuta. Faili sasa linaitwa daftari_12, mpaka tutakapopata jina. Safu ya "Sababu" nimeigawa mbili: "Limesukumwa?" na "Na nini?" Ya pili ina nafasi tupu tano. Mwenzangu ameongeza safu ya tatu kwa mkono wake, "Rula ya nani?", na kwenye mstari wa Duffy ameandika 1,500 akaizungushia duara.

Wiki ijayo ni Dantu, kundi la damu linaloonekana Afrika Mashariki, ambalo kila nakala yake hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40 kwa kukaza utando wa chembe nyekundu. Si badiliko la herufi moja, ni jeni mbili zilizoungana na kujirudia, kwa hiyo skripti zangu zote hazitalikuta. Itabidi nirudi kwenye data ghafi nihesabu kina cha usomaji, yaani kila eneo limesomwa mara ngapi. Diski imebakiwa na nafasi ya gigabaiti 40. Naanza kwa kufuta faili za selscan.